Mistari Miwili

Fomu ina swali: Eleza hali yako kwa ufupi.
Chini yake mistari miwili, myembamba,
kama njia ya siafu kwenye saruji.

Kwa ufupi: selimundu.
Neno limekula nusu mstari. Nimebakiwa na mmoja na nusu,
na sijui kama kwenye salio hilo
niandike ngazi.

Ngazi za Bweni la Mvule, ghorofa ya nne,
ambako maji hayapandi, hupandishwa,
lita ishirini mkono huu, ishirini mkono ule,
mikono yote miwili ikiwa ya Jerotich,
nami nyuma yake najipandisha mwenyewe,
mzigo wa tatu.

Au niandike mvua ya Maseno,
ishukayo saa tisa alasiri kutoka majabali ya Bunyore
bila hodi.
Wenzangu hukimbia wakicheka, daftari kichwani.
Mimi baridi huniita kwa jina.
Huanzia kwenye nyonga, kama fundi anayepigilia msumari
taratibu, ana siku nzima,
halafu kifua, halafu
samahani, nafasi imekwisha.

Mtihani wa Takwimu niliukosa nikiwa wodini Kisumu,
dripu ikihesabu vizuri kuniliko.
Kwenye orodha ukutani: Apondi Rosebella,
na mbele ya jina kistari kifupi.
Kistari hakikuuliza nilikuwa wapi.
Mhadhiri naye, katikati ya darasa:
"Wewe wa macho ya manjano, punguza pombe."
Nikacheka. Ningelia ningepoteza maji,
na maji, daktari amesema, nisiyapoteze ovyo.

Basi nikaijaza fomu. Nikaandika pembeni,
nikakata kona, nikapanda juu ya nembo ya chuo,
nikamalizia nyuma ya karatasi.
Nikaipeleka dirisha la tatu
na kungoja lile jibu lao la kesho kutwa.

Jumanne, hodi.
Mwanamke mnene, viatu mkononi, anahema:
"Sabini na mbili," akasema, kabla ya salamu.
Ndiye Bi Khasandi wa ofisi ya ustawi.
Alikuwa amezihesabu. Alipumzika mara mbili,
ya pili pale penye kioo kilichopasuka,
palepale ninapopumzikia mimi.
Hilo sikumwambia. Nilimpa stuli na kikombe cha maji.
Akanywa mafunda mawili,
akautazama mtungi, akautazama mlango,
kisha akakirudisha kikombe mezani polepole,
kama mtu aliyegundua bei.

Sasa nakaa chini, kilichokuwa chumba cha mafagio.
Kinanuka dawa ya choo. Bomba la nje hudondoka usiku kucha.
Dirisha halifungi; Jerotich ameliziba
kwa gazeti na uji wa unga,
kwa hiyo nalala nikisoma bei za mahindi za mwaka juzi.
Takwimu nimeifanya kwenye kijichumba, na shali,
na chupa ya maji, na ruhusa ya kutoka bila kuinamisha kichwa,
na nusu saa ya ziada.
Sikuitumia yote. Dakika kumi za mwisho
niliikalia tu, nikiitazama saa ukutani,
kama aliyerudishiwa chenji yake.

Wapo wasemao nimependelewa.
Ningewakopesha nyonga hii
usiku mmoja tu wa Julai.

Leo nimepita dirisha la tatu.
Fomu ni zilezile, swali lilelile, mistari miwili.
Kijana wa mwaka wa kwanza, Nandwa, kaegemea ukuta,
kifaa cha sikio kimeshikizwa kwa selotepu,
kalamu hewani.
Akaniuliza, kwa sauti ya juu kuliko alivyodhani,
wenye hali zao huandika nini hapa.
Nikazunguka upande wa sikio lake zima.
Nikainama.
"Usifupishe."